Karibuni Harusini Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wageni Wetu

Shikamooni wazazi na wakubwa zetu. Ndugu na marafiki, karibuni sana.

Tunaandika haya sisi maharusi wenyewe, tukisaidiwa na kamati. Upande wa bibi harusi ni Machame, upande wa bwana harusi ni Muheza, na kuna ndugu waliotawanyika Dodoma, Mombasa hadi Minnesota. Simu zimekuwa nyingi na maswali ni yale yale. Mengine mtu huyauliza kwa sauti ya chini, hasa ya pesa na ya mahali pa kulala. Tumeyakusanya hapa ili asiwepo wa kuona aibu. Tangu kikao cha kwanza cha kamati tumeshikilia jambo moja: anayesafiri kuja kwetu asihangaike. Mapambo yakipungua tutavumilia, lakini mgeni apokelewe, ale, alale na arudi kwake salama.

Harusi ni lini, na mambo yanaanza saa ngapi?

Ni Jumamosi ya Septemba iliyoandikwa kwenye kadi yako. Ibada ya ndoa ni saa nane kamili mchana, Kanisa la KKKT Azania Front, katikati ya jiji. Sherehe ni jioni ya siku hiyo hiyo, Mikocheni. Jina la ukumbi na ramani vimo kwenye kadi. Milango ya ukumbi inafunguliwa saa kumi na moja jioni, maharusi tunaingia saa moja usiku, na saa sita usiku muziki unazimwa. Kwa vijana wetu waliokulia Marekani: saa nane mchana ni 14:00 kwenye simu zenu, na saa moja usiku ni 19:00.

Septemba hatukuichagua ovyo. Masika imeshapita, vuli haijaanza, na lile joto la Desemba hadi Februari linalowachosha wazee bado liko mbali. Mvua kubwa ikinyesha Dar, bonde la Jangwani hufurika, Barabara ya Morogoro hufungwa, na aliye Magomeni hawezi kufika mjini ila kwa kuzunguka. Hatukutaka mtu akwame siku hiyo.

Kadi inasema saa nane. Nije saa nane kweli?

Njoo saa saba na nusu. Tunajua harusi nyingi za mjini zinachelewa na watu wamezoea, lakini Jumamosi kanisani kuna ndoa zaidi ya moja na zinafuatana. Sisi tukichelewa nusu saa, wenzetu watasimama nje na shela juani, wazazi wao pia, na mchungaji atalazimika kukatisha mahubiri yetu. Bibi harusi ameahidi kufika saa nane kasorobo, na amemwambia mpambaji hivyo kwa maandishi. Tunaomba na ninyi mtuheshimu kwa hilo.

Kanisa hilo liko wapi hasa?

Lile lenye mnara na paa la vigae vyekundu linalotazama bandari, jirani na Posta ya Zamani. Wajerumani walilijenga mwaka 1898, na mabaharia wanaoingia bandarini huliona kabla ya majengo mengine mengi. Ukimwambia dereva yeyote wa bajaji au bodaboda "Azania Front" atakufikisha. Ukija kwa kivuko kutoka Kigamboni, ukishuka Magogoni unaweza kutembea kufuata ufukwe wa bandari.

Mmoja Mlutheri, mwingine Mwanglikana. Je, mtafunga ndoa mara mbili? Na bomani je?

Mara moja tu. Wazee wa Muheza, ambao Uanglikana wao ni wa tangu enzi za misheni ya Magila, walikaa na wazee wa Machame, na jambo likaisha kwa amani. Matangazo yamesomwa Jumapili tatu kwenye sharika zote mbili. Bomani hatuendi, kwa sababu mchungaji aliyepewa leseni ya kufungisha ndoa anatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na cheti kinasainiwa pale pale kanisani mbele ya mashahidi.

Kwa nini harusi iwe Dar na si nyumbani?

Swali hili limetuuma, maana limeulizwa na bibi zetu.

Machame ndiko kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, na makaburi ya wazee. Muheza ndiko bwana harusi alikozaliwa, kwenye michungwa. Kupeleka harusi upande mmoja kungekuwa kuuambia upande wa pili usafiri wote, na nauli ya ukoo mzima si jambo dogo. Dar tunaishi, tunafanya kazi, tunasali, na ndipo tulipokutana. Pia ndugu zetu wengi kuliko tulivyodhani wako hapa hapa, Kimara, Mbagala, Tegeta na Gongo la Mboto, na baadhi yao hawajaalikwa harusi ya ukoo kwa miaka mingi kwa kuwa harusi zote zinafanyika huko juu au huko Tanga wakati wao hawana likizo. Hao nao ni wetu.

Bibi zetu wawili tumekubaliana nao hivi: baada ya harusi tutakwenda Machame, kisha Muheza, kuwasalimu wale wasioweza kusafiri. Hakutakuwa na ukumbi wala mshereheshaji. Tutakaa uani, tutakula nao, watatubariki.

Sijachanga. Naweza kuja?

Njoo. Tunaomba jibu hili lisomwe vizuri.

Sote tunajua utaratibu wa mjini. Unapewa kadi ya mchango, unaahidi, mweka hazina anakukumbusha, na kadi ya mwaliko inatoka kwa kiwango ulichotoa. Hatuudharau utaratibu huo. Michango ndiyo iliyowaoza wengi ambao mishahara yao isingetosha hata kukodi viti, na wanakamati wetu wamekesha kwenye vikao baada ya kazi bila malipo yoyote. Lakini tumeona pia mama mdogo mzima akikosa harusi ya mtoto aliyemlea kwa sababu mwezi ule alikuwa na mgonjwa. Hilo halitatokea kwetu.

Kwa hiyo kadi za mwaliko zimegawiwa kwa orodha ya watu, hazikugawiwa kwa orodha ya michango. Aliyechanga sana na ambaye hakuchanga watakaa meza zile zile na kula chakula kile kile. Majina ya wachangiaji na kiasi walichotoa hayatasomwa ukumbini. Ukiwa umeahidi na mambo yamebana, mpigie mweka hazina umwambie. Hatakusumbua tena, tumeshaongea naye. Na kama unasafiri kutoka mkoani, nauli yako tayari ni mchango. Usiikopee.

Kadi yangu ni ya mtu mmoja. Naweza kuja na mwenzangu?

Kadi ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja, na ya wawili ni ya wawili, kwa sababu ukumbi una viti vinavyohesabika na mpishi analipwa kwa kichwa. Kama ni mume au mke wako na tumemsahau, tuambie mapema kabla ya wiki ya harusi, tutarekebisha. Mlangoni kadi zitasomwa kwa simu. Wazee ambao kadi zao zilitumwa kwenye simu za watoto wao wasiwe na wasiwasi, majina yao yako kwenye karatasi pale mlangoni na watapokelewa na shangazi anayewafahamu kwa sura.

Watoto je?

Kanisani, wote. Ukumbini, wanaonyonya na wale waliosafiri na wazazi wao kutoka mikoani au nje ya nchi. Kwa waliopo Dar, tunaomba watoto wabaki nyumbani jioni ile.

Nakuja kwa basi kutoka Moshi au Tanga. Nashukia wapi?

Mabasi ya njia zote mbili hupita Chalinze na Kibaha na kuingia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichoanza kazi mwaka 2021. Ambaye hajafika Dar tangu zamani asiseme "nishushe Ubungo stendi". Stendi kuu ilihama. Mbezi Luis ni mbali na katikati ya jiji, na ni mwendo mwingine kabisa kufika Sinza au Mikocheni, hasa jioni.

Panda basi la alfajiri Ijumaa, ufike kungali mchana. Siku hizi yapo mabasi ya usiku pia, lakini kwa wazee hatuyapendekezi, maana mtu hufika hajalala na kesho yake kuna siku ndefu. Vijana wa kamati watakuwa kituoni Mbezi Ijumaa kutwa, wamevaa vitambaa vya kijani mkononi. Tuma jina la basi na namba ya kiti ukishaondoka. Usikubali mtu mwingine akubebee begi akikwambia ametumwa na maharusi. Muulize kwanza jina la bibi yake bwana harusi. Vijana wetu wote wanalijua.

Wa kutoka Muheza: tunajua mtakuja na machungwa. Msiache! Ila mtuambie ni magunia mangapi ili tupeleke gari ya kubebea. Mpishi ameshakubali kuyakamulia juisi ya meza za wazee.

Nipo Dodoma au Morogoro.

Njoo na SGR. Treni ya umeme ilianza safari za Morogoro Juni 2024 na za Dodoma mwezi uliofuata, na kwa Dodoma ni kama saa tatu na nusu hadi nne badala ya kutwa nzima barabarani. Kata tiketi mapema kwa sababu za mwishoni mwa wiki huisha, na ubebe kitambulisho. Stesheni ya Dar iko mjini, si mbali na kanisa, kwa hiyo anayefika Jumamosi asubuhi anaweza kuja moja kwa moja. Chumba cha kubadilishia nguo tumeomba nyumba ya rafiki Upanga. Tuambie tukupe maelekezo.

Tunatoka Mombasa kwa gari. Mpakani tunahitaji nini?

Mtapita Lunga Lunga na Horohoro, mfike Tanga, kisha Dar. Pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki kwa asiye na pasipoti. Watoto nao wawe na zao. Visa hamhitaji. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano mje nayo, huulizwa. Gari liwe na bima inayokubalika upande huu na hati zake zote. Mifuko ya plastiki ya kubebea acheni nyumbani. Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019. Sheria hiyo ninyi mmeizoea, lakini wa Minnesota waisome pia.

Na tafadhali msitoke Mombasa Ijumaa mchana. Laleni Tanga Alhamisi au Ijumaa, kwa shangazi, ambaye ameshaapa kwamba mkipita bila kulala kwake hatakuja harusini.

Tunatoka Marekani. Visa ikoje?

Mwenye pasipoti ya Tanzania hana la kuuliza. Waliochukua uraia wa Marekani, na tunajua linauma, wanahitaji visa kama mgeni mwingine, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa pasipoti ya Marekani ni visa ya kuingia mara nyingi ndani ya mwaka, dola 100. Iombeni mapema kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, tena iwe tovuti ya serikali yenyewe, maana ziko nyingine zinazofanana nayo zinazotoza zaidi. Ikiwa ndege yenu inasimama Addis Ababa au Nairobi zaidi ya saa 12, bebeni cheti cha homa ya manjano.

Kwa pesa, badilisheni dola benki au duka la kubadilishia fedha. Tangu 2025 kanuni zinakataza kuuza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo hoteli ikikutajia bei ya dola, omba ya shilingi. Laini ya simu mtaisajili kwa pasipoti na alama za vidole, na mkishaipata mfungue huduma ya pesa kwa simu siku hiyo hiyo, maana bodaboda hana chenji ya noti ya elfu kumi asubuhi.

Uwanja wa Julius Nyerere, jengo la tatu, ndiko zinakotua ndege za kimataifa. Mtakuta mtu wetu amesimama na bango lenye majina yetu. Soketi za huku ni za pini tatu za mraba kama za Uingereza, volti 230.

Nitalala wapi?

Wazee wote wa pande zote mbili wamepangiwa nyumba za ndugu Kijitonyama, Mikocheni na Mwenge, ambako ukumbi hauko mbali. Hawaendi nyumba ya wageni hata mmoja. Kila nyumba ina chandarua, choo cha kukaa, na mtu mzima wa kuamka nao usiku.

Kwa wanaopenda kujitegemea, Sinza ina nyumba za wageni nyingi za bei ya kawaida. Ubaya wake ni kelele: uliza kama kuna baa chini ya dirisha kabla hujalipa. Kariakoo ni rahisi kwa atakayetaka kununua vitu, lakini Jumamosi asubuhi kutoka huko na nguo za harusi ni kazi. Masaki na Oysterbay kuna utulivu na ufukwe, na bei zake ni za huko. Ukilipa chumba kwa simu kabla ya kufika, mtumie mwanakamati mmoja akakione kwanza. Hilo tunalifanya kwa moyo mweupe, wala usione unasumbua.

Vijana: tumeomba magodoro. Mtabanana, lakini mtalala.

Msafara wa magari utapita wapi?

Kutoka kanisani saa tisa na nusu, matarumbeta mbele juu ya pikapu, tunapita Barabara ya Barack Obama, tunavuka Daraja la Tanzanite, lile jipya la 2022 lililojengwa baharini kuanzia upande wa hospitali ya Aga Khan, mpaka Coco Beach. Picha hazitachukua zaidi ya saa moja. Madereva wapige honi wanavyotaka, lakini wasizibe njia zote na wasikae na milango wazi watu wakining'inia. Karibu na hospitali matarumbeta yatanyamaza, tumeshawaambia wapigaji.

Asiye na gari asiufuate msafara kwa bodaboda. Kuna Kosta mbili nje ya kanisa zitakazokwenda moja kwa moja ukumbini, na wazee wapande hizo. Watakuta chai, mtori na mahali pa kunyoosha miguu kabla ya watu kujaa. Maegesho karibu na kanisa ni machache mno, kwa hiyo wenye magari wanne wapande moja.

Nivae nini?

Rangi zetu ni kijani cha jani la mgomba na dhahabu. Mashangazi wa pande zote wameshapata vitenge vya sare. Wengine wote mvae mnachopenda na mnachonacho. Hatutaki mtu ashone nguo mpya kwa deni. Kanisani mabega yafunikwe. Nyeupe tumwachie bibi harusi. Kanisani kuna feni lakini ni Dar, suti nzito ya sufu ya Minnesota itakutesa.

Chakula kitakuwaje? Ndugu Waislamu watakula?

Watakula kila kitu, na hili tumelipanga kabla ya kuchagua hata rangi. Ukoo wa Muheza nusu ni Waislamu. Baba mkubwa wa bwana harusi, ambaye ndiye aliyekwenda kuposa, ni Mwislamu. Nyama yote, pamoja na ndafu, itachinjwa na Mwislamu, hakuna nguruwe jikoni, na sufuria ni zetu wenyewe tulizokodi. Jua la Septemba huzama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, kwa hiyo Magharibi itaingia kabla hatujafika. Nyuma ya ukumbi kuna chumba chenye mikeka, maji ya kutawadha, na kibla kimeshaonyeshwa. Maharusi hatutaingia mpaka waliokwenda kusali warudi kwenye viti.

Kuhusu ndafu, maana wa Mombasa wameuliza: ni mbuzi mzima aliyechomwa, analetwa akiwa amesimama na majani mdomoni, kwa ngoma na vigelegele. Kwa Wachaga ndiyo keki. Bibi harusi atamkatia mkwewe kipande na kumlisha, kisha wengine. Tunawaomba wageni wa pwani msiogope wala msicheke. Upande wa Machame umefuga mbuzi huyo mahsusi na jambo hilo ni heshima kubwa kwenu. Na wa Machame nanyi, mtakapoletewa mkate wa kumimina na samaki wa kupaka, jueni wale akina mama walitoka Tanga na nazi zao kwa kuwa hawaamini nazi za Dar. Kuleni mpaka sahani iwe tupu.

Zaidi ya hapo kuna pilau, ndizi nyama, wali wa nazi, maharage, mboga na kachumbari. Wenye kisukari na presha wamepangiwa meza yenye chakula kisicho na chumvi nyingi wala sukari; tuambie jina lako tu. Keki ya kawaida ipo pia, ndogo, kwa ajili ya watoto.

Pombe?

Bia kiasi, upande wa baa tu. Soda, maji na juisi mezani kwa wote. Mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, itakuwepo ile ya wazee kubariki, wala si ya kulewea. Anayeendesha gari asinywe kabisa.

Zawadi gani mnapenda?

Tunapanga vyumba viwili Kijitonyama na kabati letu la vyombo limejaa. Ukiwa na uwezo, bahasha inatufaa kuliko seti nyingine ya glasi, kwa sababu tunajenga kidogo kidogo Kibaha na kila mfuko wa saruji una kazi. Lakini kama umesuka mkeka, umeshona shuka, au bibi amekupa kikapu ukilete, kilete. Vitu hivyo havinunuliki.

Mshereheshaji ataita makundi kuja kutoa zawadi kwa kucheza: wajomba, mashangazi, majirani, wafanyakazi wenzetu, kwaya. Ukija mikono mitupu, inuka ucheze na kundi lako. Tunataka kuwaona usoni.

Naweza kupiga picha?

Ukumbini, piga utakavyo. Kanisani, kaa kwenye benchi. Wakati wa viapo simu zote zishuke. Wapiga picha wapo wawili na kila mgeni atatumiwa picha. Tusingependa siku moja tuangalie picha za viapo vyetu na kuona simu mahali pa nyuso za wazazi. Na bibi wa Machame ameomba asirushwe mitandaoni, tunaomba aheshimiwe.

Usiku nitarudije?

Kosta zinaondoka saa nne na nusu kwa wazee na wenye watoto, kisha saa sita kwa wengine. Njia ni mbili: Mwenge, Sinza, Ubungo hadi Mbezi, na Morocco, Magomeni hadi Posta. Atakayetaka kutumia programu ya usafiri aitishe akiwa ndani ya ukumbi, akague namba ya gari kabla ya kupanda, na asitembee barabarani ameshika simu na mkoba. Binti au mama yeyote asiondoke peke yake kwa bodaboda. Mwambie mwanakamati, tutamtafutia gari hata kama ni la bwana harusi mwenyewe. Dharura ya polisi ni 112.

Mzee wangu anaumwa lakini anataka kuja. Mnashauri nini?

Muulizeni daktari wake kwanza. Akiruhusu, tuambieni: tutamwekea kiti karibu na mlango kanisani, ukumbi hauna ngazi, na kuna muuguzi wa familia atakayekaa na wazee muda wote. Aje na dawa zake za siku zaidi ya alizopanga kukaa, kwenye mkoba wa mkononi, zisikae kwenye buti la basi. Akishindwa, ibada itarushwa mubashara kwa kiungo tutakachotuma, na mchungaji amekubali kuwataja kwa sala waliobaki nyumbani.

Kadi ya sendofu na ya harusi ni moja? Na kicheni pati?

Hapana. Sendofu ni ya upande wa bibi harusi, Moshi, wiki mbili kabla, na kadi zake ni tofauti. Kicheni pati ni ya akina mama peke yao, Dar, na somo amekataza tuseme zaidi.

Nina siku mbili tatu za ziada. Niende wapi?

Jumapili asubuhi tunarudi kanisani kwa shukrani; atakayekuja tutafurahi. Baada ya hapo, Coco Beach kwa mihogo ya kukaanga na pilipili. Kwa historia kuna Makumbusho ya Taifa mjini, na Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, ambacho kwa watoto waliozaliwa nje tunakipendekeza kuliko duka lolote. Bagamoyo ni safari ya siku moja. Boti ya mwendo kasi ya Zanzibar ni kama saa mbili. Wenye pasipoti za nje wakumbuke kwamba tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya dola 44 huko visiwani.

Kuvunja kamati ni lini, na mgeni wa mkoani anaruhusiwa?

Jumamosi inayofuata, nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati, Kimara, kuanzia saa nane mchana. Mweka hazina atasoma mapato na matumizi yote mbele ya watu, na kikibaki chochote kitagawanywa kama kikao kilivyoamua: nusu kwa mama anayeuguza Muhimbili, nusu kwa nauli za bibi wawili kurudi kwao. Kila aliyebaki mjini aje. Supu ipo.